Jaji amekubali mimi ni mlemavu, lakini tarehe ameisogeza. Nikate rufaa?

Swali

Kaka, salamu. Mimi ni mama wa miaka 50, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Columbus, Ohio. Nilikuwa nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tarehe 9 Machi 2022 nilikuwa namwinua mgonjwa kutoka kitandani, mgongo ukalia kama kijiti kinachovunjika, na tangu siku hiyo sijawa sawa. Nililipwa siku zangu za likizo, kisha fidia ya kazini ikanilipa miezi michache ikasimama. Septemba 2022 nilijaribu kazi ya kukunja mashuka hotelini, mwisho wa Novemba nikashindwa. Bima nayo ilikatika, nikakaa miezi bila daktari. Januari 2023 niliomba disabiliti ya Social Security, yaani malipo ya ulemavu ya serikali ya Marekani. Nimekataliwa mara mbili. Machi mwaka huu nimefika mbele ya jaji, na sasa nimepata barua ya tarehe 8 Mei 2025: amekubali, lakini anasema ulemavu wangu umeanza tarehe 14 Juni 2024. Mbona mimi nimeacha kazi 2022? Watu wananiambia nishukuru nilichopata nisije nikapoteza vyote. Nikate rufaa au ninyamaze? Na hizi hela walizoanza kuleta, nizitumie au niziweke?

Jibu

Dada yangu, pole kwa mgongo, na pole kwa kungoja zaidi ya miaka miwili na kupigwa danadana mara mbili kabla ya kusikilizwa. Muda wa kukata rufaa bado unao. Huenda na hoja unayo. Lakini nakuomba usitie saini fomu yoyote kabla hujajua kwa nini jaji alichagua siku hiyo na si nyingine. Rufaa nyingi za tarehe hufa kwa sababu mtu ameandika kurasa tano kueleza namna anavyoumia, wakati jaji hakukataa kwamba anaumia. Amekataa kitu kingine kabisa, na hicho hakikujibiwa.

Bila kuiona barua yako, naamini 14 Juni 2024 ndiyo siku uliyotimiza miaka 50. Kama nimepatia, tarehe hiyo haikuokotwa hewani.

Sheria ya Social Security huwagawa watu kwa umri. Aliye chini ya miaka 50 inamwita kijana, hata awe na wajukuu. Kijana aliyeumia, maadamu bado anaweza kufanya kazi ya kukaa kitini, huambiwa akaitafute kazi hiyo, iwe ipo karibu na kwake au haipo. Akishafika 50 hesabu inabadilika: mtu ambaye kazi zake zote zilikuwa za kusimama na kuinua, ambaye hana ujuzi wa kuhamia nao ofisini, na aliyebakiwa na uwezo wa kazi za kukaa tu, anahesabiwa mlemavu. Majaji wana majedwali ya jambo hili, wanashusha kidole kwenye safu ya umri, wanakwenda kwenye safu ya elimu, wanafika kwenye jibu. Kwa hiyo ulilala tarehe 13 Juni ukiwa mbele ya sheria ni mtu anayeweza kufanya kazi, ukaamka tarehe 14 u mlemavu, na mgongo ni uleule. Najua inauma kulisikia. Lakini kuna habari njema ndani yake, nitakuja kuieleza.

Chukua barua ya uamuzi. Ukipita kurasa za mwanzo za maelezo ya jumla utafika mahali jaji ameorodhesha vipengele vyenye namba. Mimi husoma namba 2 na namba 5 kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Kwa kawaida namba 2 inasema kama ulifanya kazi ya kipato cha maana baada ya siku uliyodai kuumia. Namba 5 inasema uwezo wako wa kazi uliobaki: unaweza kuinua kiasi gani, kusimama saa ngapi, kukaa saa ngapi, kuinama mara ngapi. Hapo ndipo kesi yako ilipo.

Kama namba 5 ni moja tu, na inaanza kwa kusema kwamba tangu 9 Machi 2022 ulikuwa na uwezo wa kazi za kukaa, basi jaji amekubali kwamba mwaka 2022 ulikuwa katika hali ileile uliyokuwa nayo mwaka 2024. Hiyo ndiyo habari njema. Hakusema ulikuwa mzima. Amesema ulikuwa umebakiwa na kazi ya kiti, na umri ndio uliokuwa bado. Rufaa yako basi ina hoja moja tu ya kuthibitisha: kwamba hata kazi ya kiti, saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, ulikuwa huiwezi tangu 2022.

Kama vipengele vya uwezo ni viwili, kimoja cha kabla ya 14 Juni na kingine cha baada yake, mambo ni mengine. Hapo jaji anaona hali yako ilizidi kuwa mbaya wakati fulani, na mara nyingi utakuta siku aliyoichagua ni siku ya kipimo cha MRI, au siku daktari wa serikali alipokupima, au siku ya upasuaji. Huyo anajibiwa kwa mwongozo wa shirika lenyewe, SSR 18-01p wa Oktoba 2018, unaosema siku ya kuanza ulemavu ni siku ya kwanza mtu alipotimiza masharti ya sheria, na kwamba siku hiyo inaweza kuwa kabla ya vipimo vya kwanza vilivyomo kwenye faili. Mashine ya MRI haimfanyi mtu mgonjwa siku anapolazwa ndani yake.

Sasa tupige hesabu, uone ni kitu gani kinachogombewa. Pensheni ya ulemavu haianzi siku unapoumia. Kuna miezi mitano kamili ya kungoja, na mwezi ulioumia hauhesabiwi isipokuwa uliumia tarehe mosi. Kwa tarehe ya jaji, 14 Juni 2024, unangoja Julai hadi Novemba, mwezi wako wa kwanza wa haki ni Desemba 2024. Kwa tarehe yako, 9 Machi 2022, unangoja Aprili hadi Agosti, mwezi wa kwanza ni Septemba 2022. Kwa kuwa uliomba Januari 2023, na sheria inaruhusu kurudi nyuma hadi miezi 12 kabla ya ombi, Septemba 2022 iko ndani bila shida. Kutoka Septemba 2022 hadi Novemba 2024 ni miezi 27. Kama pensheni yako ni dola 1,400 kwa mwezi, nasema kwa mfano tu, hiyo ni dola 37,800.

Pesa si kitu pekee. Medicare, bima ya afya ya serikali, huanza mwezi wa 25 wa haki ya pensheni. Kwa tarehe ya jaji utaipata Desemba 2026. Kwa tarehe yako ilipaswa iwe imeanza Septemba 2024. Mtu mwenye mgongo wa kuhitaji daktari wa mishipa ya fahamu anajua tofauti hiyo ina maana gani. Na kama una mtoto aliyekuwa chini ya miaka 18 mwaka 2022, naye ana fungu lake juu ya pensheni yako kwa miezi hiyo, hata kama sasa ameshakua. Angalia kama jina lake lilikuwa kwenye ombi lako la Januari 2023.

Lakini fidia ya kazini itapunguza. Sheria hairuhusu fidia na pensheni kwa pamoja kupita asilimia 80 ya wastani wa mshahara wako wa zamani, hivyo kwa miezi uliyolipwa fidia, malimbikizo yako yanaweza kukatwa. Wakili naye, kama unaye, huchukua robo ya malimbikizo, na kwa mikataba ya kawaida inayoidhinishwa mwaka huu wa 2025 kikomo chake ni dola 9,200. Nakutajia haya usije ukakata rufaa kwa ajili ya dola 37,800 kisha ukapokea pungufu ukadhani umeibiwa.

Wanaokwambia ushukuru ulichopata hawakudanganyi moja kwa moja. Uamuzi wa jaji unapelekwa kwenye Baraza la Rufaa, na Baraza halifungwi na kile ulicholalamikia. Ukilalamikia tarehe, lina ruhusa ya kuupitia uamuzi mzima, pamoja na sehemu uliyoshinda. Mara nyingi hukataa tu kupitia, na uamuzi hubaki kama ulivyo. Pengine hurudisha kesi kwa jaji isikilizwe tena. Na ikirudishwa yote, jaji anayeshika faili anaweza kuona tofauti. Hilo limewahi kuwakuta watu.

Kwa hiyo jiulize swali ninalowauliza wateja wangu wote: mtu asiyekujua, asiyekuhurumia, akilifungua faili lako upya kuanzia ukurasa wa kwanza, sehemu uliyoshinda itasimama? Kwako wewe ushindi umesimama juu ya nguzo moja, kwamba huwezi zaidi ya kazi ya kukaa. Akitokea mtu akasema unaweza kazi nyepesi, yaani kusimama saa sita na kuinua kilo tisa, basi hata miaka 50 haikuokoi, utangoja 55. Kama faili lina MRI inayoonyesha mshipa wa fahamu umebanwa, lina maandishi ya daktari aliyekuona kwa muda mrefu, na jaji ameyaegemea hayo, mimi ningekata rufaa, na ningelala usingizi. Kama faili ni maneno yako mwenyewe na daktari mmoja aliyekuona dakika ishirini kwa niaba ya serikali, ningebaki na nilichopata. Huo ndio msimamo wangu, na sioni aibu kumwambia mtu abaki.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kabla hujaamua. Siku ya kusikilizwa, kuna mtu aliyekuuliza kama unakubali kubadilisha tarehe? Majaji, na hata mawakili wenyewe, hupendekeza pale pale kwamba mwenye kesi akubali tarehe ianzie siku aliyotimiza 50 ili mambo yaishe. Mtu kachoka, mkalimani kaharakisha, anaitikia. Akishaitikia, barua inatoka ikisema ameshinda kila alichoomba, na kuirudia hiyo ni kazi ngumu sana. Kama jambo hilo lilipita, omba rekodi ya sauti ya kikao, ni haki yako, usikilize ulichoulizwa na ulichotafsiriwa.

Tuseme umeamua kwenda. Hoja, kama nilivyosema, ni kwamba kazi ya kiti nayo ulikuwa huiwezi. Jaji hahitaji tena kuambiwa mgongo unauma. Anahitaji vipimo vya mwili katika saa na dakika: ulikuwa unakaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama, mara ngapi kwa siku ulikuwa ukilala chali, siku ngapi kwa mwezi ulikuwa hutoki kitandani kabisa. Kwenye kikao chako alikuwepo mtaalamu wa ajira, kwa kawaida kwenye simu. Jaji humuuliza: mtu wa namna hii, akikosa kazi siku mbili kila mwezi, atabakizwa kazini? Mara nyingi jibu huwa hapana. Kama alijibu hivyo kwenye kesi yako, na faili linaonyesha kwamba ulikuwa na siku mbaya za namna hiyo tangu 2022, na jaji hakueleza kwa nini ameliacha jibu lile, hapo pana hoja ya kisheria.

Na hapa nifike kwenye jambo linalotuponza sana sisi Waswahili. Daktari anaingia, anakuuliza u hali gani. Wewe umefunzwa tangu mdogo kwamba salamu haijibiwi kwa kilio. Hujambo? Sijambo. Hata aliye hoi hujibu "sijambo kidogo", au "Alhamdulillahi", au "namshukuru Mungu", ndipo baadaye, akiulizwa vizuri, aseme kinachomsibu. Mkalimani anapeleka neno kama lilivyo, daktari anaandika mstari wa kwanza kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Miaka miwili baadaye jaji anausoma mstari ule kama ushahidi. Faili moja nililolishika, mzee mmoja alikuwa amekwenda kliniki mara tisa, na mara saba maandishi yameanza kwa kusema anajisikia vizuri. Jaji alizinukuu zote saba. Lakini kwenye kurasa zile zile, chini, daktari alikuwa ameandika alichokiona kwa macho: mgonjwa anatembea ameinama, mguu wa kulia ukinyanyuliwa umenyooka maumivu yanaanza kwenye nyuzi 30, kidole gumba cha mguu kimelegea. Tuliyaweka maneno hayo mawili sambamba, salamu juu, mwili chini, tukaeleza kwamba la kwanza ni adabu na la pili ni kipimo. Omba nakala ya faili lako lote, upekue hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Tafuta alichoandika daktari baada ya salamu.

Una mgodi mwingine ambao pengine hukuufikiria. Kesi yako ya fidia ya kazini, ile ya Ohio Bureau of Workers' Compensation, ina fomu iitwayo MEDCO-14, ambayo daktari huijaza kusema mfanyakazi aliyeumia anaweza nini na hawezi nini: akae saa ngapi, ainue kiasi gani, ainame au asiiname. Zako zitakuwa zimejazwa kuanzia Machi 2022, wakati ule hasa unaogombewa, na daktari aliyekuwa anakugusa mgongo. Uamuzi wa shirika la fidia haumfungi jaji wa Social Security, lakini ushahidi wa madaktari uliomo ndani yake anapaswa kuuzingatia. Angalia orodha ya vielelezo mwishoni mwa barua ya uamuzi. Kama MEDCO-14 hazimo, hakuna kitu utakachofanya wiki hii chenye faida kuliko kuzitafuta.

Ile miezi ya hotelini nayo ina jibu, ikiwa jibu litahitajika. Nyuma kwenye namba 2, kama jaji amesema hukufanya kazi ya kipato cha maana tangu 9 Machi 2022, usiiguse, imekwisha. Kama ameihesabu dhidi yako, kuna kanuni ya jaribio la kazi lililoshindikana. Mwaka 2022 kikomo cha kipato kilikuwa dola 1,350 kwa mwezi, na huenda ulikipita. Lakini ulikuwa umekaa nje ya kazi zaidi ya siku 30 kabla ya kuianza, hukuifanya zaidi ya miezi sita, na uliiacha kwa sababu ya mgongo. Ikithibitishwa hivyo haihesabiwi. Unachohitaji ni barua ya aliyekuwa msimamizi wako pale, hata mistari minne: alianza lini, ameacha lini, na kwamba alikuwa anakaa chini kila baada ya muda mfupi, wenzake wakimkunjia mashuka. Zile siku za likizo ulizolipwa Machi nazo zinaonekana kwenye rekodi kama mshahara, wakati hukuwa kazini. Malipo ya likizo si kazi. Liseme wazi.

Miezi uliyokaa bila daktari jaji huipenda sana, husema kama angekuwa anaumia kweli angekwenda hospitali. Kanuni yao wenyewe, SSR 16-3p, inamzuia kusema hivyo kabla ya kuuliza sababu, na kukosa uwezo wa kulipia matibabu ni sababu. Tafuta barua ya kukatika kwa bima yako. Ukiwa nayo na tarehe yake, pengo hilo linaeleweka.

Mahali ambapo hati za daktari hazipo, watu wa karibu wanaweza kusema, na mwongozo wa tarehe unawataja: familia, marafiki, waajiri wa zamani. Ila wasiandike kwamba wewe ni mama mwema na mchapakazi. Waandike walichokiona na lini. Watu wetu hawakumbuki tarehe za mwezi, wanakumbuka misimu, na misimu ina tarehe. Ramadhani ya mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, wiki chache tu baada ya kuumia. Nani alipika futari kwako mwaka ule? Kama ni jirani, aandike: mwezi mzima nilikuwa naleta uji na viazi vyake kwenye bakuli kwa sababu alikuwa hawezi kusimama jikoni, na alikuwa akifuturu amelala ubavu kwenye zulia, kwenye kiti akikaa muda mfupi tu. Barua ya hivyo ina mwezi, ina mwaka, na inazungumzia kukaa, ambacho ndicho kinachobishaniwa.

Daktari wako wa sasa naye anaweza kuandika kuhusu 2022, mradi aseme anategemea nini: vipimo vya wakati ule, maumbile ya jeraha lenyewe, rekodi alizozipitia. Mwambie asiandike kwamba wewe ni mlemavu. Neno hilo ni la shirika kulisema, na barua iliyo na neno hilo tu huwekwa kando. Aandike dakika, kilo na siku.

Baraza la Rufaa halipokei ushahidi mpya kirahisi. Lazima uhusu wakati wa kabla ya uamuzi wa jaji, uwe na uwezekano wa kubadilisha matokeo, na uwe na sababu nzuri ya kutouleta mapema, kwa kuwa kabla ya kikao ulitakiwa uwe umeuleta au umeutaja angalau siku tano za kazi kabla. Miongoni mwa sababu zinazokubalika, kanuni imetaja kwa maneno yake yenyewe mipaka ya lugha, ya elimu, na ya mwili. Kama hukuelewa kwamba fomu za fidia zilihitajika, na barua zote zilikuja kwa Kiingereza cha kisheria bila mtu wa kukufafanulia, andika hivyo. Wala usiwe na haya ya kuomba mkalimani kwenye ofisi zao, ni bure, na usimtumie mwanao wa darasa la nane.

Kwa muda, una siku 60 tangu siku uliyopata barua, na wao huchukulia uliipata siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Barua ya 8 Mei inahesabiwa umeipata 13 Mei, siku ya 60 ni 12 Julai. Hiyo ni Jumamosi, hivyo mwisho ni Jumatatu 14 Julai 2025. Usiingoje. Fomu ni HA-520, unaweza kuijaza mtandaoni, kuipeleka kwa faksi, au kuifikisha ofisi ya Social Security na kuomba nakala yenye muhuri. Kwenye nafasi ya sababu andika kwamba unakubaliana na uamuzi kuanzia 14 Juni 2024 na kuendelea, na unaomba sehemu hiyo iachwe kama ilivyo, unapinga tu matokeo ya kati ya 9 Machi 2022 na siku hiyo, na unaomba muda wa kuleta maelezo na ushahidi. Ombi la kuiacha sehemu uliyoshinda haliwafungi, lakini linawapa njia ya kuithibitisha na kurudisha kwa jaji ile iliyobaki tu, na wamewahi kufanya hivyo. Baraza likikataa, mlango unaofuata ni mahakama ya shirikisho ya wilaya, siku 60 nyingine, na huko usiende bila wakili.

Kwa wengine wanaosoma hili, tahadhari tatu. Aliyeacha kazi miaka mingi iliyopita asome kipengele namba 1, tarehe ya mwisho ya bima yake. Mtu hupata bima hiyo kwa kukatwa kodi kazini, na kwa kawaida huisha miaka mitano hivi baada ya kuacha. Jaji akiweka ulemavu hata siku moja baada ya tarehe hiyo, hakuna pensheni kabisa, na huyo sharti akate rufaa, hana pensheni ya kupoteza. Na aliyeomba SSI peke yake, ile ya wenye kipato kidogo, asijichoshe na tarehe ya kabla ya ombi, kwa kuwa SSI hailipi miezi iliyopita kabla ya ombi. Jingine ni la wale wa miaka 45 hadi 49 wanaoambiwa na marafiki kwamba kutojua Kiingereza kutawasaidia kwenye yale majedwali. Kanuni hiyo iliondolewa 27 Aprili 2020. Kutojua kusoma na kuandika kabisa, kwa lugha yoyote, ndiko kunakohesabiwa sasa.

Na hela walizoanza kuleta, dada, zitumie. Lipa kodi ya nyumba, nunua dawa. Kukata rufaa juu ya tarehe kwa kawaida hakusimamishi pensheni ya kila mwezi unayopokea. Ikitokea, Mungu aepushe, uamuzi ukageuzwa wote, wanaweza kudai ulizolipwa, na hapo kuna fomu SSA-632 ya kuomba usamehewe deni kwa kuwa hukukosea na huna uwezo wa kurudisha. Malimbikizo ya mkupuo ndiyo ningeyagusa kwa uangalifu: toa madeni yanayokunyima usingizi, kinachobaki kiweke benki hadi Baraza lijibu. Weka kila barua na bahasha yake. Na kama una miadi ya daktari kabla ya Julai, beba MEDCO-14 ya kwanza utakayoipata umwonyeshe, kisha akikuuliza u hali gani, anza na mgongo.